Kitabu cha Dabare

Merti,
8 Septemba 2025

Kwa dada yangu Kathure,

Amani ya Mungu iwe juu yako na wote walio chini ya paa lako. Hujambo? Mwanao Kinoti na mkewe hawajambo? Na lile goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi ya duka? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Mvua hatujaiona, lakini mto bado una maji kidogo na mbuzi wanasimama kwa miguu yao wenyewe, kwa hiyo sina la kulalamika.

Mama anakusalimia sana. Kila akinywa chai ya tangawizi anasema si kama ile ya mama yako marehemu, ile ya chupa waliyokuwa wakigawana wodini. Mimi pia sijasahau. Nilikuja Isiolo na mgonjwa na sikujua mtu mjini, nawe uliyekuwa unamwuguza mama yako kitanda cha pili ukanipa mahali pa kuoga, pa kulala, na pa kulilia. Mungu akamchukua wako, wangu akamrudisha nyumbani. Mipango yake siijui, lakini nakutaja katika dua kila Ijumaa.

Leo nina haja, na haja yenyewe si ya simu. Mtandao wetu unaujua, ni wa kuvizia kama digidigi. Barua itafika na Adano wa pickup, na utaisoma ukiwa umeketi.

Unakumbuka nilikuambia kwamba watoto wa majirani huja kwenye stoo ya duka langu baada ya alasiri, tunasoma vile vitabu vyako vikuukuu ulivyonipa. Sasa Mashujaa Dei inakuja. Mwalimu Kaberia, kijana wa kwenu Meru, amesema kila darasa litoe mtoto mmoja asimame uwanjani kwa chifu aeleze habari ya shujaa mmoja. Gredi ya tano wamemchagua Nasteha wangu, kitinda mimba, kwa sababu ana sauti. Akasema atamweleza bibi yake, Akko Kotile. Darasa likacheka. Wario wa mwenye hoteli akamwuliza, "Akko yako alipigana na nani, fisi?"

Mwalimu aliwakemea. Halafu akamwuliza mtoto kwa upole bibi alifanya nini. Nasteha hakuwa na jibu, maana hata mimi sina. Najua tu kwamba mama alikuwa msichana katika kambi ya hapa, miaka ile ya vita vya Shifta, baada tu ya uhuru, watu walipokusanywa ndani ya uzio na mifugo ikaisha. Wazee wanaita Gaaf Daba, wakati mambo yaliposimama. Nikimwuliza anasema, "Yalisimama, yakapita," kisha anaomba tumbaku yake. Na kila Mashujaa Dei anaondoka na mbuzi kabla hawajajaribu kipaza sauti, anarudi viti vimeshakunjwa.

Nasteha alirudi nyumbani akatupa mkoba. "Mama, mimi sisimami. Sina mtu wa kumsema."

Mimi niliishia darasa la saba, dada, siwezi kumtungia historia. Wewe unauza vitabu. Nichagulie vya watoto vinavyoeleza sikukuu hii ilitoka wapi na mashujaa wake ni akina nani. Ukipata kimoja ambacho sisi watu wa huku tumo, hata kwa ukurasa mmoja, hata pembeni, nitakushukuru mpaka kaburini.

Nijibu upesi, siku zinakimbia.

Ni mimi dada yako,
Sabdio


Isiolo Mjini,
14 Septemba 2025

Mama Nasteha mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Goti lipo, siku hizi linatabiri mvua ambayo haiji. Kinoti na mkewe wazima. Salimia mama sana, mwambie nafasi yake kwa meza yangu hakuna aliyeikalia.

Barua yako niliisoma nikiwa na wateja na nikawasahau. Huyo Wario nimpate.

Nimetafuta. Nilitafuta kwa duka langu, nikatafuta kwa duka la jirani ambaye hatusalimiani, mwisho nikapigia simu mtu wa Nairobi anayeniuzia kwa jumla. Nikamwambia nataka kitabu cha watoto cha Mashujaa chenye watu wa kaskazini ndani. Akasema anacho kimoja kina ngamia. Nikamwuliza ngamia ni shujaa wa nini. Akakata simu.

Basi sitakudanganya, cha kwenu sikukiona. Adano anakuletea vitano. Cha kwanza kinaeleza siku yenyewe, vile ilianza na vile ilibadilishwa jina. Cha pili ni cha kina mama waliopeleka chakula msituni wakati wa vita vya uhuru. Cha tatu ni cha wafanyakazi wa reli. Cha nne ni cha wakimbiaji, hicho watoto watakipenda hata kama hutaki.

Cha tano nimekifunga kwa gazeti. Usiniulize. Nilikitia, nikakitoa, nikakitia tena. Ukiona vile vinne vinatosha, kirudishe kilivyo, usikifungue.

Unajua utaratibu wangu. Chagua unavyotaka, visivyofaa virudi vikiwa safi. Mwaka jana mwalimu mmoja wa Korbesa alinirudishia kamusi inanuka samli.

Mwambie Nasteha asijiondoe bado. Mtu hakosi mtu wa kumsema. Huwa anakosa tu wa kumsimulia habari zake.

Ubarikiwe,
Kathure


Merti,
26 Septemba 2025

Kwa Kathure, dada niliyepewa na Mungu,

Salamu nyingi na shukrani nyingi zaidi. Natumai goti limepoa. Leo ni Ijumaa, nimetoka kuswali, na moyo wangu umejaa. Umeacha wateja ukatafuta kitabu kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Hilo Mungu ameliona, hata kama kitabu hakikuonekana.

Tulivisoma vyote vinne. Kile cha wakimbiaji ulisema kweli, wamekigombania mpaka ukurasa mmoja umetoka, nimeugandisha kwa uji. Hicho nitakibakiza. Cha kina mama wa msituni walikisikiliza kimya. Nilipomaliza Nasteha akauliza, "Huu msitu uko upande gani wa Biliqo?" Wenzake wakacheka tena, lakini mimi nilijua anauliza nini. Alikuwa akitafuta mahali pa kusimama ndani ya kitabu.

Mzee Jattani, mwenyekiti wa wazazi, alipita akaketi mlangoni. Akafunua kurasa moja moja, mikono imeoshwa. Halafu akanirudishia. "Vitabu vizuri, Sabdio. Wametuacha nje kwa rangi nzuri kabisa." Akachukua fimbo yake akaenda. Sina hasira na aliyeandika. Kila mtu anaandika habari za waliomlea. Lakini neno la mzee limenikaa kooni kama mfupa.

Kwa hiyo vitatu vinarudi na Adano, visafi, vinuse.

Sasa nisamehe jambo moja. Kile cha gazeti sikukifungua, naapa. Ni mama. Alikuwa anatafuta gazeti la kutandika ndani ya sanduku lake la bati, akaona lako ni safi, akalitoa. Tangu siku hiyo sijaona gazeti wala kitabu. Nikimwuliza anasema, "Kitabu gani?" huku ameketi juu ya sanduku. Hajui kusoma hata herufi moja. Nadhani amependa picha, labda kuna mbuzi mzuri. Nitakitoa kwa ujanja akienda kuoga, nikutumie safari ijayo.

Nasteha bado msimamo wake ni ule ule. Mwalimu amesema akifika wiki ya mwisho bila shujaa atampa Wario nafasi, na Wario ameshachagua mkimbiaji.

Tuombee, na uniandikie mapema.

Sabdio


Isiolo Mjini,
1 Oktoba 2025

Mama Nasteha,

Habari za huko? Naandika kwa haraka, Adano anapiga honi hapo nje.

Kitabu hicho kitoe kwa mama yako polepole kabla hajakitazama vizuri. Hakina mbuzi. Katikati kuna picha ya kurasa mbili, kijiji kilichozungushiwa uzio na shimo la vigingi, na askari langoni. Ni vijiji walivyofungiwa watu wetu wa mlimani na serikali ya mkoloni, wakati wa Hali ya Hatari. Mama yangu alikuwa mtoto ndani ya kimoja. Alinificha maisha yake yote, aliniambia hospitalini tu, karibu na mwisho. Tangu afariki sijaweza kufungua ukurasa huo, ndiyo maana nilikifunga.

Na kweli nyingine ni hii: niliogopa. Unajua maneno ya mpaka yalivyo hapa mjini, Mborana na Mmeru. Nilijisemea watu wa Merti wakiona wataambiana, tumeomba historia yetu tukaletewa ya Wameru. Sikutaka uchungu wa mama yangu ukawe kisa cha mtu kukutukana.

Sitaki mama Kotile aumie kwa ajili yangu. Nijibu upesi kama yuko sawa.

Kathure


Merti,
8 Oktoba 2025

Kathure dada yangu,

Salamu, na pole. Pole sana. Nilisoma barua yako nimesimama, nikaketi chini kwenye gunia la mchele. Hujambo lakini? Unakula?

Barua ilichelewa kufika. Mama alikuwa ameshaiona picha. Ameiona siku zote hizi. Ngoja nikueleze kwa mpango, kwa sababu nina shida na nataka shauri lako.

Jumamosi baada ya alasiri alimwita Nasteha kwenye sanduku. Nilikuwa napima sukari, nikasikia sauti ya mama ikiendelea na kuendelea kama mtu anayesimulia ndoto, nikaacha mizani nikasogea mlangoni. Kitabu kilikuwa magotini mwake, kimefunguliwa hapo hapo ulipotaja. Kidole chake kilikuwa langoni.

"Hii ni kambi yetu," alimwambia mtoto. "Nani alituchora?"

Akaendelea. Akasema mchoraji amekosea kidogo, hapa Merti hakukuwa na shimo, ilikuwa miiba mitupu, na lango lilikuwa upande wa mto. Lakini wanawake waliopanga mstari na kuni, hao ndio wenyewe. Askari ndiye mwenyewe. Hata yule mtoto aliyeshika nguo ya mama yake alimpa jina.

Kisha akasema yale ambayo hajanieleza mimi binti yake tangu nizaliwe. Kwamba ng'ombe walikusanywa ndani na watu, malisho yakaisha, wakawa wanatafunana nywele za mkia kwa njaa, kisha wakaanguka. Kwamba wasichana walitolewa kwenda kuteka maji na kurudi wakihesabiwa. Na kwamba yeye, kila alipotoka, alichuma nyasi akazifunga tumboni chini ya nguo, akapita mbele ya bunduki kama msichana aliyeshiba, akazipeleka kwa ndama mmoja jike wa baba yake. Siku moja zilichungulia. Askari akaziona. Mama alisema, "Aliniangalia, mimi nikamwangalia. Halafu akapiga miayo akatazama pembeni." Mpaka leo hajui kwa nini.

Yule ndama alipona. Lango lilipofunguliwa, kwao walibaki na huyo peke yake. Alipozaa, babu alimtoa kwa dabare nyumba hii, kisha nyumba ile. Wewe ni mtu wa mashamba, labda dabare huijui. Ni kumpa asiye na kitu ng'ombe wako akamue. Maziwa ni yake na watoto wake. Ng'ombe anabaki wako, na ndama wako. Watoto wangapi wa Merti walikua kwa maziwa ya nyasi zile, Mungu ndiye anajua.

Nasteha alimtazama bibi yake tumboni. Halafu akasema, "Akko, kumbe wewe ulikuwa mwizi wa nyasi." Mama akacheka, Kathure. Alicheka mpaka akafuta macho kwa shuka.

Sasa shida yangu. Chini ya picha kuna maandishi yanayosema ni kijiji cha pande za Mlima Kenya, kabla ya uhuru. Mama hajui kusoma. Nasteha anajua. Nilimwona kwa macho yangu ameweka kidole gumba juu ya yale maneno, hakukitoa mpaka bibi alipofunga kitabu. Baadaye alinifuata jikoni. "Mama, usimwambie. Nitasimama, nitainua picha niseme ni Merti. Sasa nina mtu."

Nilitaka hivyo, na Mungu amenipa hivyo. Lakini amenipa na uongo juu yake. Nikimwambia mama kwamba ile si kambi yake, nahofia atafunga mdomo kama alivyofunga sanduku, na safari hii hatafungua tena. Nikinyamaza, mtoto atasimama mbele ya watu na mbele ya Mwenyezi Mungu ainue uchungu wa mama yako auite wetu.

Nifanye nini? Ni picha yako, sema wewe. Nijibu kwa Adano huyu huyu.

Sabdio


Isiolo Mjini,
12 Oktoba 2025

Mama Nasteha,

Nimetoka kanisani na bado nina nguo za kanisani. Habari ya nyumbani? Mkumbatie mama yako kwa niaba yangu kabla ya kusoma zaidi.

Mwambie.

Nilikaa ibada nzima nikibishana na moyo. Upande mmoja ulisema waachie, picha si shamba, haipungui ikitumiwa. Ningependa kuwa mtu wa kutoa hivyo. Lakini mama yangu alibeba udongo wa shimo lile. Watoto waliubeba kwa vikapu vya vyondo, kina mama wakichimba. Aliniambia kwamba alikuwa akificha nduma chini ya kuni wakirudi jioni, na mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka kuni zinapiga kelele. Ukisema shimo hilo ni kosa la mchoraji, umemfuta mama yangu mara ya pili. Sikukasirikii, nakwambia tu vile nilivyohisi.

Na mama Kotile naye asipewe cha kuazima kana kwamba hana chake. Ana chake. Alipita mbele ya bunduki na nyasi tumboni. Huyo anahitaji picha ya nani?

Mwambie ukweli wote, na umwambie ni mama yangu. Akinyamaza, lawama ni yangu, nitapanda pickup nije niketi naye hata kama goti litapasuka.

Nangoja jibu. Sitalala vizuri.

Dada yako,
Kathure


Merti,
24 Oktoba 2025

Kwa dada yangu wa damu ya hospitali, Kathure,

Assalamu aleikum, na hiyo ni salamu kutoka kwa mama mwenyewe, amenikalia hapa kando ananiamrisha niandike. Hujambo? Goti je? Kinoti je? Anauliza pia duka linaendaje na kama yule jirani mmeshasalimiana. Jibu yote.

Alhamdulillahi, kisha alhamdulillahi. Nikueleze.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilingoja mpaka amemaliza chai. Nikaleta kitabu, nikamketisha na Nasteha, nikasoma yale maneno ya chini kwa sauti, neno kwa neno, nikayaeleza kwa Kiborana. Nasteha aliinama. Nikasema, mama, hii ni ya kwao kina Kathure, ni ya kabla yetu, na mama yake alikuwa ndani.

Alisukuma kikombe kando, nikajua nimeharibu. Alichukua kitabu akakisogeza karibu na jicho lake zima. Akapitisha kidole kwenye lile shimo, pole pole, mwanzo mpaka mwisho.

"Yule wa chai?" akaniuliza.

Nikasema ndiye.

"Nililala kando yake siku zote zile," mama akasema. "Tuliongea sukari na miguu kuvimba. Kumbe tulitoka lango moja."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Akamgeukia Nasteha akamwambia kichukue kitabu, lakini kama mtu anavyochukua ng'ombe wa dabare. Picha ni ya kwao, itabaki ya kwao, na atakayesema ni yetu ni mwizi, na si wa nyasi. Lakini maziwa tumekunywa, kwa hiyo tuseme tumekunywa.

Jumatatu ya Mashujaa niliamka nikatazama zizini. Mbuzi walikuwepo. Mama alikuwa ameshaoga, amevaa ile buibui ya Idd, ameketi anangoja apelekwe. Tulimweka mbele, karibu na wazee. Wario alisema mkimbiaji wake vizuri sana, lazima nikiri, ana kumbukumbu.

Nasteha alipanda kwenye boksi. Aliinua kitabu kwa mikono miwili. Nimeyashika maneno yake: "Picha hii si ya Merti. Ni ya mama yake Kathure, rafiki wa mama yangu. Tumepewa kwa dabare. Tulipoiangalia, Akko Kotile akakumbuka ya kwake, na sasa nitawaambia ya kwake."

Kwa neno dabare watu walicheka, wakijua mtoto wa duka hajawahi kukamua hata mbuzi. Halafu akafika kwenye nyasi, na hakuna aliyecheka. Alipofika kwa askari aliyepiga miayo, Mwalimu Kaberia aliinama akafunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa malapa.

Akamaliza. Chifu hakujua apige makofi au aombe dua. Ndipo Mzee Jattani aliposimama bila kuitwa. Akachukua kipaza sauti, akakishika mbali kama kinachouma. "Uzio ulikuwa wa miiba, na lango lilikuwa upande wa mto," akasema. "Kotile hasemi uongo. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye mstari, mdogo, nimeshika debe. Nilikuwa nikishangaa huyu msichana mbona ananenepa akitoka mtoni."

Basi, dada, mlango ukafunguka. Mzee mwingine akasema lango halikuwa upande wa mto, mwingine akasema yalikuwa mawili, bibi mmoja kutoka Korbesa akasimama akasema nyote mlikuwa watoto, nyamazeni mimi nieleze. Ratiba ya chifu ikaharibika, soda zikapata moto, na hakuna aliyeondoka. Watoto waliketi chini mbele yao kama pale stoo kwangu. Mama alikuwa anawasahihisha wote.

Sasa Mzee Jattani amekuja dukani anauliza kama huyo dada wa Isiolo ana karatasi kubwa na rangi za watoto. Anataka wachore kambi wazee wakiwa bado wanabishana. Ukiwa nazo, tupe. Ukiwa huna, tutachora chini kwa kijiti, tumezoea.

Kitabu hatukirudishi bado. Mama anasema ng'ombe wa dabare harudi kwa mwenyewe kabla mwenyewe hajaja kumwona mara moja. Njoo Disemba, tutakuwekea mto wa kupumzishia goti. Fungua ukurasa ule hapa, katikati yetu, si peke yako huko nyuma ya duka.

Nakushukuru, Kathure. Nilikuomba ukurasa mmoja tu ambao tumo. Ukanipa ule ambao mliumia ninyi, na tukajikuta humo. Mungu akulipe mahali ambapo mimi sifiki.

Mama ana swali, na ndiyo sababu ameniketia hapa tangu asubuhi. Alitaka kumwuliza mama yako, na hilo limepita. Lakini anakumbuka mama yako alikuwa na dada mdogo, Karimi, aliyekuja wodini na ndizi. Anasema umwulize huyo: siku waliyofungua lango kwao mlimani, nani alikuwa wa kwanza kutoka? Maana kwetu lango lilifunguliwa, askari wakaondoka, na watu wakabaki wamesimama ndani, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mama anasema aliyetoka wa kwanza ni yule ndama.

Tafadhali mwulize, utuandikie haraka. Mama anangoja.

Wenu,
Sabdio na Kotile, na Nasteha anayesoma hii barua begani mwangu